Dada wa ng'ambo, mtandao, serikali au mfadhili: kikundi chenu kishikane na nani?

Yote manne yalitufikia ndani ya wiki moja. Mtandao wa wanawake wa kikanda ulitutumia fomu tuijaze tuwe wanachama. Halmashauri ilitualika kwenye kamati ya kupinga ukatili. Mweka hazina alitumiwa tangazo la ruzuku ambalo mwisho wa kutuma maombi ulikuwa siku tisa mbele. Na kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, ulikuja ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake kelele za bodaboda, wa akina mama wenzetu wakisema: "Dada zetu, tunahangaika na haya haya mnayohangaika nayo. Tukutane basi."

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake upande wa Sirari, wilayani Tarime. Siku ile tulikaa kwenye baraza la duka la mweka hazina tukabishana mpaka taa zikawashwa. Mwenyekiti akakata shauri: twende na yote. Tukaenda na yote, na mwaka mzima ukatuishia tukijaza fomu, tukikaa vikao na kutafuta risiti. Kazi yenyewe tuliifanya kwa muda uliobaki, nao ulikuwa kidogo.

Ulinganisho huu nauandika kwa kikundi kilichokaa kwenye baraza kama lile, kina nguvu ya kushika mkono mmoja au miwili na kimeitwa na minne. Nitatumia mfano wa ukeketaji mpakani kwa sababu ndio ninaoujua. Anayehangaika na ndoa za utotoni, biashara ya wanawake wa mpakani au viti vya wanawake kwenye maamuzi atabadilisha mfano, maswali yatabaki yale yale.

Shida yenyewe ilivyo

Wakurya wako pande zote mbili: Tarime huku, Kuria Magharibi na Kuria Mashariki kule kaunti ya Migori. Mpaka ulipita katikati ya koo. Bibi yuko Tanzania, shangazi yuko Kenya, na Desemba shule zikifungwa watoto huenda kusalimia. Msimu wa ukeketaji nao huja wakati huo huo. Msako ukiwa mkali upande huu, msichana huvushwa upande ule, na mwaka mwingine mambo hugeuka.

Sheria nazo hazilingani. Kwetu, marekebisho ya mwaka 1998 kwenye Kanuni ya Adhabu yanamlinda aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote, na inataja waziwazi kosa la kumvusha mtu mpaka kwa nia ya kumkeketa. Msichana wa miaka 19 akivuka barabara tu, ulinzi wake umebadilika. Aprili 2019 wawakilishi wa serikali za Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa kwa ajili ya jambo hili hili la kuvushana mipaka, wakatoka na mpango wa pamoja. Ni hatua kubwa. Ila mpango ule hauna namba ya simu ya kupigiwa saa mbili usiku.

Vigezo tulivyovitumia (baada ya kuchelewa)

Tungekuwa na haya maswali matano siku ile barazani, tungeokoa miezi kadhaa:

Mshirika huyu anaweza nini ambacho sisi hatukiwezi? Atatula nini, kwa fedha, muda na makaratasi? Tukimwita, anafika baada ya muda gani? Tukitofautiana, neno la mwisho ni la nani? Na siku ushirika ukifa, kwetu kitabaki nini?

Kulikuwa na swali la sita, "Je, ni watu wa heshima?" Tulilifuta. Kila mtu ni wa heshima mpaka siku ya kudaiwa nauli.

Dada wa ng'ambo: kikundi kwa kikundi

*Anaweza nini.* Nitasimulia usiku mmoja wa Desemba. Mama yetu mmoja anauza ndizi stendi. Saa mbili na robo aliona bodaboda imepakia watatu: dereva, mama aliyejifunga kanga mpya, na katikati yao msichana wa sketi ya shule ya bluu. Shule zilikuwa zimefungwa wiki mbili nyuma. Hakupiga kelele, alipiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, sema."

"Kuna bodaboda nyekundu inakuja kwenu. Katikati kuna mtoto amevaa sketi ya shule. Mzigo hawana."

Dada wa Isebania hakuuliza swali la pili. Alimwamsha chifu na mwalimu mmoja, wakasimama njia panda. Msichana alilala kwa mwalimu usiku ule, na shule zilipofunguliwa alirudi darasani. Simu ile ilidumu chini ya dakika moja. Mama wa ndizi aliutambua mzigo usiokuwepo kwa sababu yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, alipitishwa barabara ile ile akiwa amevaa hivyo hivyo. Jicho la namna hiyo hupewi na semina.

Kwa wachuuzi wa mpakani faida yake ni ya kila siku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa cheti cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wanawake wengi hawaujui, au wameambiwa haupo, kwa hiyo wanapita njia za panya, na huko ndiko wanakoibiwa na kushikwashikwa. Mwenzako aliyevuka jana akikwambia mzigo wake ulipita na karatasi gani, amekusaidia kuliko bango lolote.

*Anakula nini.* Bando, nauli, chai na maandazi. Kila mwanachama wa kamati ana laini mbili, ya huku na ya kule. Tuna makubaliano ya ukurasa mmoja, yameandikwa kwa mkono. Tuligombana mara moja tu kwa uzito, na ugomvi ulikuwa juu ya shilingi ya nani: tuliahidiana kurudishiana nauli bila kusema ni ya Kenya au ya Tanzania. Andikeni.

Na lugha, ingawa wote tunasema Kiswahili. Wenzetu waliandika barua kwa ofisi ya kata kwetu kwamba "chama chetu kitawatembelea". Kule, chama ni kikundi cha kuweka akiba. Huku, mtu akisikia chama anafikiria bendera na kadi. Mtendaji aliniita ofisini akaniuliza kwa upole ni chama gani hicho kutoka Kenya. Halafu sisi nasi tulikuwa tunawauliza kila siku "mtendaji wenu ni nani", kumbe wao wana chifu, na chifu wao ni mtumishi wa serikali. Kwetu uchifu uliondolewa serikalini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

*Kasi.* Hakuna anayemshinda.

*Neno la mwisho.* La pande zote mbili, maana yake hakuna mkubwa. Ni raha mpaka mtakapotofautiana, na hapo mtakosa mwamuzi.

*Ukifa.* Undugu unabaki. Lakini uhai wake uko kwa watu wawili watatu. Mmoja akihama, laini imekatika. Sisi sasa kila jukumu lina watu wawili wenye namba zote.

Udhaifu wake mkubwa ni mamlaka. Kikundi hakikamati mtu, hakifungui jalada, wala hakiruhusiwi kukaa na mtoto wa mtu. Na hili nalisema kwa msisitizo: usimrudishe mtoto ng'ambo wewe mwenyewe kwa bodaboda, hata kama nia ni njema. Ukikamatwa unamvusha mtoto asiye wako bila karatasi, utakayehojiwa ni wewe. Mkabidhi kwa afisa ustawi au polisi, wao wazungumze na wenzao.

*Anamfaa nani.* Vikundi vya Namanga, Horohoro na Lungalunga, Holili na Taveta, Busia, Mutukula, na popote ambapo shida inatembea kwa miguu. Kikundi cha Dodoma au Nakuru kitapata marafiki wazuri, lakini kazi ya pamoja itakuwa haba.

Mtandao wa kikanda

*Unaweza nini.* Hapa watu wa vijijini huwa tunadharau, na tunakosea. FEMNET, mtandao wa wanawake wa Afrika, iko Nairobi tangu 1988. EASSI ya Kampala, ya wanawake wa Afrika Mashariki, ilianzishwa 1996, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing. Kisha kuna SOAWR, muungano wa mashirika ya haki za wanawake ulioanza 2004, na kazi yake moja inatosha kueleza mtandao ni wa nini.

Protokali ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ilipitishwa 11 Julai 2003. Ili ianze kutumika zilitakiwa nchi 15 ziiridhie. Serikali zilikuwa zimepiga makofi, zimepiga picha, zimekwenda nyumbani. Muungano ukatengeneza kadi kama za refa: nyekundu kwa nchi ambayo haijafanya lolote, njano kwa iliyotia sahihi tu, kijani kwa iliyoridhia. Kadi zikaanza kuzunguka kwenye mikutano ya wakuu wa nchi. Tarehe 25 Novemba 2005 protokali ikaanza kutumika. Ibara ya 5 inakataza ukeketaji, na leo wakili wa msichana wa Tarime au wa Kuria anaweza kuitaja mahakamani. Kikundi cha muuza ndizi hakiwezi kumwonyesha rais kadi nyekundu. Vikundi na mashirika kutoka nchi nyingi, yakisimama pamoja, yanaweza.

Mfano mwingine ni wa Mali. Chama cha wanawake cha nchi ile, APDF, kilishikana na taasisi ya wanasheria ya IHRDA yenye makao Banjul, Gambia, wakaipeleka serikali ya Mali kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwa sababu ya sheria ya familia ya 2011. Mei 2018 mahakama ilisema sheria ile inavunja Protokali ya Maputo, pamoja na kuruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 16. Mahakama hiyo iko Arusha, mwendo wa basi tu kutoka kwetu. Lakini Tanzania mwaka 2019 iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na mashirika kufungua kesi moja kwa moja, na Kenya haijawahi kulitoa. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya Arusha, inampokea mkazi yeyote wa nchi wanachama, ila ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au alijue. Nani angetuambia haya? Wanasheria wa mtandao. Wao ndio wanaojua mlango upi uko wazi na upi umefungwa.

*Unakula nini.* Ada, ambayo kwa kawaida si kubwa, na Kiingereza, ambacho ni gharama kubwa. Barua pepe ni Kiingereza, ripoti ni Kiingereza, mkutano wa video ni Kiingereza chenye lafudhi sita. Kikundi chetu kina mtu mmoja anayekisoma bila kuchoka, naye ndiye anayeandika haya. Mwenyekiti wetu aliwahi kupewa nafasi ya kusema kwenye ukumbi wa hoteli. Akasimama, akazungumza Kiswahili dakika tano, watu wa mbele wakafuta machozi. Mkalimani akazigeuza sentensi mbili.

*Kasi.* Polepole. Tamko husubiri bodi, bodi husubiri robo mwaka.

*Neno la mwisho.* La sekretarieti na bodi. Mwanachama ana kura kwenye mkutano mkuu, lakini kura yake inafika mbali akiwa amesoma makabrasha kabla.

*Ukifa.* Kinabaki unachokijua na unaowajua, navyo hakuna anayeweza kuvirudisha ofisini.

*Unamfaa nani.* Kikundi chenye kumbukumbu zilizoandikwa vizuri na zaidi ya mtu mmoja wa kusoma na kujibu, na ambacho shida yake iko kwenye sheria. Kama bado hamjafika hapo, anzieni nyumbani. TGNP, mtandao wa jinsia wa Tanzania ulioanzishwa 1993, ina semina zake za jinsia na maendeleo za Jumatano pale Mabibo, Dar es Salaam, na vituo vya taarifa na maarifa kwenye wilaya kadhaa, na Kiswahili ndiyo lugha ya kazi. Kenya, FIDA, chama cha wanasheria wanawake, imekuwa ikiwasaidia wanawake kisheria tangu 1985.

Serikali, kuanzia kata mpaka Jumuiya

*Inaweza nini.* Inaweza kukamata. Inaweza kufungua jalada, kumweka mtoto mahali salama kihalali, kumwamuru ngariba aripoti kituoni. Hakuna mwingine kati ya hawa wanne mwenye uwezo huo. Tanzania kuna kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kenya, sheria ile ya 2011 iliunda Bodi ya Kupinga Ukeketaji, na chini kabisa yupo chifu na wazee wa nyumba kumi.

Kuna wenzetu wanaosema watu wa serikali hawana msaada. Huwa nawakumbusha kwamba Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe, hapa hapa Kanda ya Ziwa, alikuwa mbunge na waziri kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing wa 1995. Walio ndani nao wamo wenye moyo. Shida ni kuwapata na kudumu nao.

*Inakula nini.* Haina ada. Inakula siku. Kikao cha saa tatu kinaanza saa sita kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani. Inakula sauti pia: ukishajulikana kama kikundi kizuri, utaitwa kuimba Machi 8, utavalishwa fulana, na mwezi ule kazi yako itakuwa nyimbo. Tulikubali mara mbili. Ya tatu tukasema tutaimba kama dakika kumi za ratiba tutapewa kusoma takwimu za kesi zetu, na tukapewa.

*Kasi.* Inategemea nani yuko zamu. Usiku mmoja afisa alikuja kwa miguu ndani ya nusu saa. Usiku mwingine tuliambiwa gari lipo, mafuta hakuna.

*Neno la mwisho.* La serikali, wala tusidanganyane.

*Ikifa.* Haifi, inahamishwa. Umejenga uelewano na afisa ustawi miaka miwili, Julai anapewa barua ya uhamisho, mgeni anakuja hakujui. Dawa tuliyoigundua ni muhtasari wa kikao wenye sahihi na muhuri. Afisa mpya hakujui wewe, lakini muhuri wa ofisi yake anaujua. Dawa nyingine ni kuingiza jambo lenu kwenye bajeti, na hilo hufanywa mapema. Bajeti za nchi zetu husomwa Juni, halmashauri huanza kupanga miezi mingi nyuma. Ukienda Mei na barua ya kuomba mafuta ya gari la dawati, umekwenda kuaga.

Kwenye ngazi ya Jumuiya mambo ni marefu zaidi. Mkataba wa Afrika Mashariki una ibara za 121 na 122 kuhusu wanawake katika maendeleo na biashara. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha muswada wa usawa wa kijinsia na maendeleo mwaka 2017. Lakini muswada wa Jumuiya huwa sheria baada ya wakuu wa nchi zote wanachama kuukubali, na nchi sasa ni nane. Anayeingia huko aingie na subira ya miaka, na aingie kupitia mtandao. Peke yake ataishia mapokezi.

*Inamfaa nani.* Kikundi ambacho kesi zake zinakufa kati ya kijiji na mahakama. Pia kikundi chenye mtu mvumilivu wa kukaa kwenye benchi la ofisi. Kisichofaa hapa ni kikundi ambacho kazi yake ya mwaka ni kuisema serikali hiyo hiyo hadharani. Mnaweza kufanya yote mawili, lakini msimtume mtu yule yule.

Mfadhili

*Anaweza nini.* Nyumba salama inataka paa, magodoro, mlezi wa usiku, chakula cha wasichana kwa wiki sita za msimu, na mlinzi, kwa sababu kuna baba atakuja na panga. Kwa mchango wa VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hutaweza. Anayeponda wafadhili wote kwa jumla hajawahi kununua unga wa watoto hamsini.

Lakini wafadhili si namna moja. Kuna mashirika makubwa ya kimataifa na balozi, ambako kikundi kidogo huingia kama mtekelezaji wa chini wa mradi wa mtu mwingine. Na kuna mifuko ya wanawake wenyewe, kama African Women's Development Fund ya Accra, iliyoanza 2000, au Women Fund Tanzania. Hii hutoa fedha ndogo zaidi, na mara nyingi inaelewa kwamba katibu naye anahitaji nauli.

*Anakula nini.* Makaratasi. Mfadhili mmoja, jina nalihifadhi, alimtuma mkaguzi ambaye alitaka risiti ya bodaboda ya saa nne usiku. Nikamwambia bodaboda hatoi risiti. Akasema basi malipo hayo hayakubaliki. Nililala na hilo jambo siku mbili, kisha tukachapisha vijitabu vya fomu: jina la dereva, kutoka, kwenda, kiasi, namba ya pikipiki, dole gumba. Madereva walicheka sana, lakini waliweka dole gumba. Mkaguzi aliporudi alizipokea bila neno, na mpaka leo fomu zile tunazitumia hata kwa fedha zetu wenyewe. Kwa hiyo siwezi kusema makaratasi yote ni hasara.

*Kasi.* Maombi, miezi. Fedha ikishaingia, anakuwa mwepesi kwa yale yaliyoandikwa na mzito kwa yasiyoandikwa. Msimu ukija mapema, bajeti haijui.

*Neno la mwisho.* La mwenye fedha, kupitia viashiria. Tulitaka kuzungumza na wazee wa mila, kwa sababu wao ndio wanaofungua msimu. Mradi ulihesabu wasichana waliofunzwa. Mzee mmoja aliyebadilika hakuwa na safu yake kwenye jedwali.

*Ukifa.* Hapa pana maumivu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Kazi nyingi za wanawake katika ukanda huu zilisimama bila mtu yeyote hapa kukosea lolote. Kilichobaki kilitegemea fedha ilikuwa imenunua nini: kiwanja, paa na ujuzi vilibaki, mishahara iliondoka na watu wake. Kuna hasara nyingine ndogo ambayo haiandikwi kwenye ripoti. Kabla ya ruzuku wanachama wetu walikuja kikaoni kwa chai. Baada ya ruzuku waliuliza posho. Ilituchukua muda mrefu kurudi kwenye chai.

*Anamfaa nani.* Kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki ya sahihi tatu, mtu wa hesabu, na jambo moja linalohitaji fedha nyingi kwa mara moja. Kabla ya kutia sahihi ulizeni: tunaweza kuhamisha fedha kati ya vifungu? Mnalipia pango na katibu? Mkisimama katikati ya mwaka, wasichana waliomo ndani watakula nini? Jibu la swali la tatu litawaonyesha mnazungumza na nani.

Kulingana na hali yenu

Kama msimu uko mlangoni na mna miezi miwili, achaneni na fomu zote. Tafuteni dada wa ng'ambo na afisa mmoja wa kila upande, badilishaneni namba, pangeni nani anapiga kwa nani. Hilo linawezekana kwa nauli ya siku moja.

Kama wasichana wanaokolewa lakini watuhumiwa wanarudi nyumbani kesho yake, shida yenu iko kituoni na mahakamani. Nendeni kwenye kamati, mkae kwenye benchi, mtunze mihtasari. Mkishakuwa na kesi kumi zilizoandikwa vizuri, tarehe kwa tarehe, zipelekeni kwa mtandao. Mtandao bila kesi una maneno matupu, na kesi zenu bila mtandao zitabaki kwenye faili la kata.

Kama mnataka sheria ibadilike, iwe umri wa ndoa, iwe tofauti ile ya miaka 18 na "umri wowote", anzeni na mtandao wa nchi, kisha wa kanda. Hakikisheni kuna wanachama wawili wanaosoma Kiingereza, au daini tafsiri kabla ya kulipa ada. Tulipodai, tulipewa.

Kama kila kitu kipo isipokuwa paa, mfadhili, na kama mnaweza kuchagua, mfuko wa wanawake kwanza, mradi mkubwa baadaye, hesabu zikiwa zimeshazoea kukaguliwa.

Kama kikundi hakijafikisha mwaka, chukueni mmoja tu, yule wa gharama ndogo kwa mahali mlipo. Kwa walio mpakani ni dada wa ng'ambo. Kwa walio mbali ni kamati ya kata.

Kuhusu kuchanganya: dada wa ng'ambo na serikali wanakwenda vizuri pamoja, kwa sababu mmoja anaona na mwingine anakamata. Mtandao na mfuko wa wanawake wanaelewana lugha. Mfadhili mkubwa na mtandao kwa mpigo, mkiwa na katibu mmoja, msijaribu. Naongea kama katibu huyo.

Sisi leo tunao wawili, akina mama wa Isebania na kamati. Fomu ya kurudi kwenye mtandao iko kwenye droo ya mweka hazina, imejazwa mpaka ukurasa wa tatu. Novemba inaanza wiki ijayo na leo jioni tunakwenda kukagua laini za simu, kwa hiyo ukurasa wa nne utasubiri Januari, watoto wakisharudi shule.